Karatasi moja, shanga 27: hesabu ya ubunifu katika mapambo ya Kampala

Chukua karatasi ya kawaida ya ofisini, ile ya A4 yenye upana wa sentimita 21 na urefu wa sentimita 29.7. Ipige mistari kwa rula, kisha uikate pembetatu nyembamba zenye kitako cha sentimita 1.5 na ncha inayofika ukingo wa pili, moja ikielekea juu na jirani yake ikielekea chini. Utapata pembetatu 14 za upande mmoja na 13 za upande mwingine, jumla 27, na vipande viwili vya nusu vitabaki pembeni. Kila pembetatu ikizungushwa kwenye sindano kuanzia kitakoni hadi nchani, ikashikwa kwa gundi na kupakwa vanishi, imekuwa ushanga.

Rimu moja ina karatasi 500. Hizo ni shanga 13,500. Tukichukulia kwamba mkono uliozoea unamaliza ushanga mmoja kwa dakika 2, rimu hiyo inadai saa 450 za kuzungusha tu, kabla hujahesabu kukata, kupaka vanishi, kuanika na kutunga. Kwa siku ya kazi ya saa 8, ni siku 56. Kifurushi cha karatasi kinachobebwa chini ya kwapa kina karibu miezi miwili ya maisha ya mwanamke mmoja.

Nimeanza na hesabu hii kwa sababu mazungumzo kuhusu ubunifu wa mapambo ya mikono, hereni, vidani, bangili, mikoba na mikeka, mara nyingi huchukulia kwamba wazo zuri huja kwa bahati, kama mvua ya Novemba. Kampala inafundisha jambo jingine. Hapa malighafi karibu ni bure na saa za kazi ndizo ghali. Kwa hiyo wazo jipya lina thamani inayopimika: ni lile linaloifanya saa moja ya mtengenezaji ilete fedha nyingi kuliko ilivyoleta jana. Mtu anayetafuta mawazo mapya anapaswa kutafuta akiwa na rula mkononi.

Karatasi yenyewe inatoka wapi? Katikati ya jiji, Nasser Road na Nkrumah Road ndiko kwenye moyo wa uchapaji wa Uganda. Kadi za harusi, kalenda, risiti, vitabu vya mazoezi na mabango ya wanasiasa vyote hupita kwenye mashine za huko. Kila kazi ina mabaki: kingo zilizokatwa, nakala ambazo rangi ilihama, kalenda za mwaka uliokwisha. Uchaguzi ukikaribia, kama ule wa Januari 2021, mitaa hiyo hujaa rangi za vyama: njano ya NRM, nyekundu ya NUP, buluu ya FDC na kijani cha DP. Mtunga shanga anayefuatilia ratiba ya wachapaji anajua mapema rangi zipi zitapatikana kwa wingi na zipi zitaadimika. Huo ni ujuzi wa malighafi, sawa na ule wa mshonaji anayejua siku kontena la vitambaa linapofunguliwa Kiyembe.

Tukio lililoifanya Kampala ijulikane kwa shanga za karatasi ni la 2004. Wamarekani watatu, Torkin Wakefield, Devin Hibbard na Ginny Jordan, walimkuta mwanamke akizungusha shanga nje ya nyumba yake, katika mtaa wa watu waliokimbia vita vya kaskazini. Walianzisha BeadforLife. Wengi wa wanawake waliojiunga walikuwa Waacholi wa eneo la Kireka na Banda, na kazi waliyokuwa nayo kabla ya hapo ni kuponda mawe ya machimbo kwa nyundo kuwa kokoto na kulipwa kwa dumu. Shanga zao ziliuzwa Marekani nyumba kwa nyumba: mama mwenye nyumba aliwaalika marafiki, akamwaga mikufu mezani, na kila mmoja akachagua. Kwa fedha hizo, pamoja na ushirikiano wa Habitat for Humanity, kilijengwa kijiji cha nyumba za wanawake hao huko Mukono.

Jambo ninaloliheshimu zaidi katika mradi ule ni ukomo wake. Mwanamke alikaa miezi 18, akajifunza kuweka akiba na kuanzisha biashara nyingine, kisha akaondoka. Waanzilishi walielewa kwamba soko la mikufu lina dari, na kwamba huwezi kuwaweka wanawake elfu kadhaa juu ya bidhaa moja milele. Baadaye shirika hilo lilihamisha nguvu zake kwenye mafunzo ya biashara ndogo, na likajulikana kama Street Business School.

Kireka hiyohiyo ndiyo ya wanawake wa Meeting Point International, shirika la muuguzi Rose Busingye linalowahudumia watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Mwaka 2005, kimbunga Katrina kilipoipiga Marekani, wanawake hao waliokuwa wakiponda mawe walichanga fedha wakazituma kwa waathirika. Mikufu yao ya karatasi ilisaidia baadaye kujenga shule ya sekondari ya watoto wao, iliyopewa jina la Luigi Giussani. Sina hesabu ya kuweka hapa. Nimeitaja kwa sababu anayeandika kuhusu shanga za Kampala akiwaacha wanawake hawa ameacha nusu ya habari.

Turudi kwenye ushanga wenyewe, maana ndani yake kuna siri ambayo watengenezaji wengi wanaijua kwa vidole lakini ni wachache wanaoitumia kwa makusudi.

Karatasi ya ofisini ina unene wa karibu milimita 0.1. Utepe wenye urefu wa milimita 297 ukizungushwa kwa kubana kwenye sindano ya milimita 1.5, unafanya mizunguko kama 24 na kuzaa ushanga ambao kati yake ni mnene wa milimita 6.3. Kwa kuwa utepe unapungua upana kadiri unavyoelekea nchani, kila mzunguko unauacha ule wa chini yake uchungulie pembeni. Gawanya milimita 7.5, ambayo ni nusu ya urefu wa ushanga, kwa mizunguko 24: kwa wastani kila mzunguko unaonyesha ukingo wa milimita 0.3 kila upande, na ile ya nje huonyesha zaidi. Ukijumlisha kingo zote hizo unapata kama asilimia 9 ya uso wa karatasi uliyoanza nayo. Asilimia 91 imefunikwa, haitaonekana tena.

Maana yake ni kwamba picha iliyo kwenye karatasi haina kazi. Ua zuri la kalenda, uso wa mgombea, twiga wa kipeperushi cha utalii, vyote vinapotea. Kinachobaki ni rangi ya kingo mbili ndefu za pembetatu, na mpangilio wake unasomeka hivi: rangi zilizo karibu na kitako hutokea kwenye ncha mbili za ushanga, na rangi zilizo karibu na ncha ya utepe hutokea katikati. Sentimita 10 za mwisho za utepe, ambazo ni mizunguko mitano, hufanya mkanda wa milimita 5 katikati ya ushanga. Ukitaka ushanga mweusi wenye kiuno chekundu, huhitaji karatasi nyekundu nzima. Unahitaji utepe mweusi wenye sentimita 10 nyekundu nchani. Ukitaka ushanga unaofifia kutoka kijani hadi njano, tafuta bango ambalo rangi zake zinafifia kwa urefu huohuo, au nenda kwa mchapaji umlipe akuchapie karatasi yenye mistari uliyoipanga mwenyewe. Hata akikutoza shilingi 1,000 kwa ukurasa, na hiyo ni bei ya mfano tu, umeongeza shilingi 37 kwa kila ushanga. Kwa shilingi 37 umepata rangi ambayo jirani yako hawezi kuiokota Nasser Road.

Ukubwa nao una hesabu yake, na hii huwashangaza wanaoanza. Ukiunganisha tepe mbili ili upate sentimita 60, ushanga hautakuwa mnene mara mbili. Utafika milimita 8.8 tu. Ili unene uongezeke mara mbili, urefu wa karatasi lazima uongezeke karibu mara nne. Wenye haraka hukimbilia karatasi nzito, ile inayong'aa ya vipeperushi, na inasaidia, lakini karatasi nzito hupasuka kwenye mikunjo ya mwanzo inapobanwa kwenye sindano nyembamba, na gundi huchelewa kuishika.

Sasa fedha. Bei zote ninazotumia kuanzia hapa ni za mfano, ili tuone jinsi namba zinavyosukumana. Kila mmoja aweke zake.

Mkufu mrefu wa sentimita 90, ule unaovaliwa kwa kuupitisha kichwani bila kufungua, unaotungwa kwa shanga za sentimita 1.5 na kishanga kidogo cha kioo cha milimita 2 katikati ya kila mbili, unahitaji shanga 53. Ni karatasi mbili za A4. Kuzungusha ni dakika 106. Ongeza dakika 20 za kukata, 20 za vanishi, 30 za kutunga na kufunga, unapata dakika 176, yaani karibu saa 3. Mkufu ukiuzwa shilingi 10,000 na vifaa vikiwa vimekula 2,500, zinabaki 7,500. Kwa saa ni kama shilingi 2,560, ikiwa umeuzika.

Ubadilishe mkufu huohuo. Weka shanga 20 tu, nene, za utepe wa sentimita 60, na urefu uliobaki uujaze kwa vishanga vya kioo, mbegu, au kamba ya ngozi iliyofungwa mafundo. Ushanga mnene tuupe dakika 3: ni dakika 60. Kukata 15, vanishi 10, kutunga 30. Jumla dakika 115. Vifaa vimepanda hadi 3,500. Ukiuza kwa bei ileile ya 10,000, saa yako sasa inaleta karibu 3,400. Na kama umbo jipya linamfanya mnunuzi akubali 15,000, saa inaleta 6,000. Mikono ni ileile na karatasi ni ileile ya mabaki. Tofauti hiyo ya shilingi 3,440 kwa saa ndiyo bei ya wazo.

Hereni ndizo zinazofunga hesabu vizuri kuliko vyote. Jozi ina shanga 2, na tuseme kazi yote ni dakika 15. Kwa jozi ya shilingi 3,000, vifaa 1,000, saa moja ya hereni inaleta 8,000. Ajabu ni kwamba gharama kubwa hapo ni vikulabu vya kupitisha sikioni, vinavyotoka nje ya nchi na kununuliwa kwa jumla Kikuubo. Karatasi haifiki hata shilingi chache. Basi kwa nini wote wasitengeneze hereni? Wanatengeneza. Pita kwenye vibanda vya Buganda Road au kijiji cha sanaa nyuma ya National Theatre, jengo lililofunguliwa 1959, uone hereni zilivyoning'inia. Kitu kinachochukua dakika 15 kutengeneza kinachukua dakika 15 kuigwa. Jumatatu mama mmoja analeta umbo jipya, na kabla mwezi haujaisha kila ubao unalo, na bei inashuka hadi pale inapolipa vikulabu na nauli ya taksi tu.

Sheria ipo. Uganda ilipitisha Sheria ya Mali ya Viwanda mwaka 2014, inayoruhusu kusajili usanifu wa bidhaa katika Idara ya Huduma za Usajili, URSB. Lakini pima: muundo wa hereni unaodumu sokoni wiki nne hauwezi kubeba ada, safari za ofisini na kesi. Nionavyo mimi, ulinzi wa kweli wa mtengenezaji mdogo ni kasi na ugumu. Kasi ya kuleta kingine kabla kile hakijachoka, au ugumu wa kitu ambacho hakiigwi kwa kukitazama mara moja, kama ile rangi iliyochapwa kwa mpango, au mchanganyiko wa malighafi ambazo jirani hana.

Na kwa malighafi, Kampala ni tajiri kwa namna ambayo wengi wa wakazi wake hawaitumii. Anza na lubugo. Ni kitambaa kinachotokana na gome la mti wa mutuba. Mafundi hulibandua wakati wa mvua, huufunga mti kwa majani ya mgomba ili upone na kuota gome jingine, kisha hulipiga gome kwa nyundo za mbao zenye mifereji hadi linatanuka na kulainika. Huko Buganda kazi hiyo ni ya ukoo wa Ngonge, na UNESCO iliitangaza 2005, kisha ikaiingiza kwenye orodha yake ya urithi 2008. Kwa mtu wa mapambo, faida yake ni rangi na uzito. Rangi ya udongo mwekundu inayokaa vizuri chini ya rangi yoyote kali, na wepesi unaoruhusu hereni ya sentimita 8 ivaliwe siku nzima bila kuuma sikio. Kipande cha mita moja ya mraba, kikikatwa duara zilizo ndani ya miraba ya sentimita 5, kinatoa duara 400, jozi 200 za hereni. Ila lubugo ni sanda pia, na ni pazia la makaburi ya wafalme kule Kasubi. Anayelitumia afahamu hivyo. Wapo wazee wasiopenda kuliona likining'inia masikioni, na mazungumzo nao ni sehemu ya kazi.

Pembe za ng'ombe wa Ankole ni malighafi nyingine. Ni zao la machinjio, na pembe moja kubwa inaweza kupita mita moja. Inachemshwa, inakatwa, inasuguliwa, na kila kipande kina mawingu yake ya maziwa, asali na makaa; hakuna viwili vinavyofanana. Kipande kimoja cha pembe katikati ya shanga 20 za karatasi ndicho kile "kigumu kuigwa" nilichokitaja.

Halafu kuna mawazo ambayo hayana bei kabisa, yaliyohifadhiwa Kitante. Jumba la makumbusho la Uganda lilianza 1908 na limekuwa katika jengo lake la sasa tangu miaka ya 1950. Mwaka 1953 Margaret Trowell, aliyeanzisha masomo ya sanaa Makerere mwaka 1937, alichapisha na Klaus Wachsmann kitabu Tribal Crafts of Uganda, kinachoeleza kwa maandishi na michoro vikapu, mapambo, vyungu na ala za muziki za nchi nzima. Kichwa chake kimezeeka, lakini michoro ni hazina. Mifumo ya vikapu imejengwa kwa hesabu, ukanda wa mistari sita juu, mitatu chini, kona inayorudi kila baada ya raundi fulani, na hesabu hiyo inahamishika moja kwa moja kwenye mpangilio wa shanga. Na kuna mapambo ya Karamoja, ambako wanawake huvaa shanga kwa mafungu shingoni hadi kidevuni. Kuna obutiti, shanga za kiunoni za wanawake wa Buganda, zinazotungwa kwa macho ya mtu mmoja tu. Kuna kauri, zilizopanda kutoka pwani ya Bahari ya Hindi mikononi mwa wafanyabiashara hadi zikawa fedha na pambo kwa pamoja ufukweni mwa Nalubaale, yaani Ziwa Victoria.

Nasema hivi kwa sababu mtandaoni kuna maelfu ya picha za mapambo kutoka kila pembe ya dunia, na mtunga shanga wa Banda anaziona kwenye simu sawa na mtunga shanga wa Manila. Anayeanzia hapo anaanza pamoja na watu milioni. Anayeanzia Kitante anaanza akiwa karibu peke yake.

Mtu aliyeonyesha umbali ambao ushanga wa karatasi unaweza kwenda ni Sanaa Gateja, aliyezaliwa Kisoro mwaka 1950. Alisomea usanifu wa vito London, akakutana huko na ufundi wa shanga za karatasi ambao wanawake wa Uingereza waliufanya kwa mabaki ya karatasi za ukutani karne ya 19, na alipotulia tena Uganda aliugeuza kuwa lugha yake. Hashoni mikufu tu. Anashona shanga kwa maelfu juu ya lubugo hadi zinakuwa picha kubwa za ukutani. Mwaka 2022 kazi zake zilionyeshwa katika Carnegie International huko Pittsburgh, na 2024 alikuwa miongoni mwa wasanii wa banda la Uganda katika maonyesho ya Venice, lililosimamiwa na Acaye Kerunen, ambaye naye hufanya kazi na wasusi wanawake wa mikeka na vikapu.

Hebu tupime. Kufunika mita moja ya mraba ya lubugo kwa shanga zetu za milimita 15 kwa 6.3, zikilala bega kwa bega, kunahitaji shanga 10,580 hivi. Kwa dakika 2 kila moja, ni saa 353. Picha ya mita 2 kwa 2 ni saa zaidi ya 1,400, zaidi ya nusu mwaka wa kazi ya mtu mmoja, ndiyo maana Gateja hufanya kazi na vikundi vya watengenezaji. Wanaoshangaa kwa nini picha ya shanga inauzwa bei ya gari wazizidishe saa hizo kwa ujira wa haki. Ushanga ni uleule uliokuwa kwenye mkufu wa shilingi 10,000. Kilichobadilika ni swali ambalo msanii aliliuliza kuuhusu.

Si kila mtu atafika Venice, na si lazima. Swali la mtengenezaji wa kawaida ni nani atanunua mwezi ujao. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 2019 Uganda ilipokea wageni kama milioni 1.5. Mwaka 2020 walishuka hadi kama 473,000, na kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Septemba uwanja wa Entebbe haukupokea ndege za abiria wa kawaida. Vibanda vya sanaa vilivyokuwa vikiuza kwa dola vilikaa miezi sita bila mteja. Tangu Januari 1, 2024, Uganda pia iko nje ya mpango wa AGOA uliokuwa ukiruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Faida ya wepesi bado ipo, mikufu 40 ya gramu 25 haizidi kilo moja ya mzigo wa ndege, lakini utegemezi wa mlango mmoja umekwisha kuonyesha gharama yake.

Sensa ya 2024 iliihesabia Kampala watu karibu milioni 1.8, bila Wakiso inayoizunguka. Kila Jumamosi jijini na viungani mwake kuna kwanjula, sherehe ya utambulisho wa wachumba, mahema yanapigwa, na wanawake wanatoka wamevaa gomesi: shingo ya mraba, mabega yaliyochongoka, vifungo viwili upande wa kushoto, mshipi mpana. Bi harusi hubadili mavazi mara kadhaa. Ssenga wake, yaani shangazi, dada zake, marafiki zake, wote wanahitaji kitu cha shingoni na masikioni kinacholingana na nguo, na kwa sehemu kubwa wanachovaa ni seti zinazong'aa zilizotoka nje. Shanga za karatasi hazikualikwa, kwa sababu zilibuniwa kwa ajili ya fulana ya mtalii. Mkufu wa sentimita 90 ukiwekwa juu ya gomesi unagongana na mshipi na kuuficha ukingo wa shingo ambao ndio uzuri wa vazi.

Hapa ndipo ningemshauri mtu anayetafuta wazo jipya aanze. Shingo ya mraba inataka kidani kifupi, sentimita 45, kinachokaa ndani ya mraba wa ngozi. Kidani hicho kinachukua shanga 26, na karatasi moja ya A4 inatoa 27. Bangili ya sentimita 18 ni shanga 10, hereni ni 2. Seti nzima ni shanga 38. Ssenga na dada watano, seti 6, ni shanga 228, karatasi 9, saa 7 na dakika 36 za kuzungusha. Ukiongeza saa 1 na nusu ya kukata, saa 2 za vanishi na saa 4 za kutunga, kazi yote ni saa 15. Seti moja ikiuzwa shilingi 25,000 na vifaa vikila 5,000, zinabaki 120,000, yaani 8,000 kwa saa. Ni sawa na hereni za Buganda Road, ila hapa kila ushanga umeuzwa kabla haujatengenezwa, na hakuna siku ya kukaa kibandani kumsubiri mnunuzi.

Rangi hazitafutwi mbali. Mteja analeta kipande cha kitambaa cha gomesi, kipande hicho kinapelekwa kwa mchapaji, na rangi zake zinapangwa kwenye kingo za utepe, ile ya nguo kwenye sentimita 10 za mwisho ili ikae katikati ya ushanga, ile ya mshipi kwenye kitako ili itokee kwenye ncha. Arbuni ilipwe nusu siku ya kuagiza, na oda isipokewe chini ya wiki mbili kabla ya sherehe, kwa maana vanishi inahitaji kupakwa zaidi ya mara moja na kukauka kila mara, na msimu wa mvua kukauka kunachukua siku mbili pale ambapo kiangazi kingechukua moja.